Ngoma Ndogo za Masasi na Newala: Historia ya Mchezo wa Watoto Wetu



Miezi ya karibuni tumeulizwa sana, na mama vijana na mabibi harusi wanaojipangia maisha, kuhusu vile vipindi vya kucheza na kuimba vinavyofanywa mjini kwa watoto wadogo. Mama anakaa kwenye mkeka na mwanawe, wanapiga makofi, wanatikisa kayamba, wanaigiza ndege na samaki, wanazunguka duara, saa moja ikisha wanarudi nyumbani. Anayetuuliza huwa na maswali mawili. La kwanza ni bei. La pili ndilo lililotukalisha chini kuandika: jamani, haya si mambo ya kizungu?

Sisi ni washonaji, si maprofesa. Lakini mshonaji husikia mengi. Bi harusi anapopimwa gauni huja na mama yake, na bibi yake, na shangazi wawili, na wakikaa kwenye mkeka hadithi hazina kituo. Kati ya wateja wetu hapa Unguja wapo wengi ambao bibi wa bibi yao alitoka kusini ya bara, upande wa Masasi, Newala na ng'ambo ya mto Ruvuma. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la pili tumelitafuta huko, na tunaona ndiko liliko. Kumchezesha mtoto mdogo kwa wimbo na mwendo ni kazi ya zamani ya wanawake wa huko, na sehemu yake ilivuka bahari ikaja kwetu. Tatizo ni kwamba kila aliyefika kuandika habari za watu wale aliandika ngoma kubwa akaziacha ndogo.

Tuanze na njia yenyewe, maana bila kuijua njia msomaji atashangaa Masasi na Unguja zimekutana wapi.

Zimekutana kwenye utumwa. Karne ya 19 misafara ilishuka kutoka nchi za Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wanyasa hadi pwani ya Kilwa na Lindi, na wengi waliofungwa minyororo waliishia Unguja na Pemba, kwenye mashamba ya karafuu na ndani ya nyumba za watu. Wanawake wakawa yaya, wapishi, wachotaji maji. Mwanamke aliyenyang'anywa kila kitu alibaki na kimoja asichoweza kunyang'anywa, yaani alichokuwa nacho kichwani: wimbo wa kulaza mtoto, ngano, ngoma ya wari. Aliyelea mtoto wa bwana wake alimlea kwa nyimbo zipi, kama si zile alizoimbiwa mwenyewe?

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Miaka mitatu baadaye, 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, wakaona panafaa, wakajenga. Kwa hiyo kijiji cha misheni cha Masasi kilianzishwa na watu waliotoka kisiwani petu, wenye Kiswahili cha Unguja mdomoni. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia kijiji hicho, na sehemu ya misheni ikahamia juu Newala kwa mfalme Matola wa Wayao. Steere mwenyewe alikuwa mpenzi wa ngano. Kitabu chake cha hadithi za Waswahili, alizozikusanya Unguja, kilitoka London mwaka 1870, na ndani yake zimo hadithi ambazo katikati yake mhusika anaimba. Yeyote aliyelelewa na bibi anaujua mtindo huo. Bibi akifika kwenye wimbo hunyamaza kidogo, na watoto ndio wanaoitikia.

Basi nyimbo zilikuja na zilirudi. Hilo mtu akilifahamu hatauliza tena nani alimwiga nani.

Na kwa upande wa kisiwani, ushahidi mkubwa mnaujua wote: unyago. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini hapa kwetu alikuwa kungwi kwanza, mpigaji msondo na mfundaji wa wari. Ngoma ile ya unyago kisiwani hutajwa pamoja na majina ya Wayao, Wamakua na Wanyasa, na wazee hawalifichi hilo. Bi harusi wa leo anayefundwa Ng'ambo au Jang'ombe anapokea kitu ambacho mzizi wake uko Nyanda za Makonde na jirani zake. Lakini unyago ni ngazi ya juu. Swali letu ni la ngazi za chini: kabla mtoto hajafika huko, alichezeshwa nini?

Mwaka 1906 alifika Masasi Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig. Vita ya Majimaji ilikuwa imepita hapo mwaka uliotangulia na misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa. Weule alizunguka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, akiwa na kamera ya picha, kamera ya sinema, na fonografu ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Fikirini: mwaka 1906, watu wa Newala wanaimba ndani ya pembe la bati, kisha wanasikia sauti zao zikitoka humo humo! Sauti hizo zilipelekwa Ujerumani. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na mwaka uliofuata Bi Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza.

Weule alikuwa na jicho. Hata watoto aliwaona kidogo: anaeleza wanavyozungusha pia, na ile marimba ya magogo ambayo huko inaitwa mgoromondo, vipande vya mti vilivyolazwa juu ya mafungu ya majani. Lakini kurasa nyingi alizipa jando na unyago, vinyago vya kuvaa usoni, chale na ndonya ya mdomoni. Hatumlaumu kwa kupenda yaliyomshangaza. Tunasema tu kwamba mama aliyekuwa nyuma ya nyumba akimrusharusha mtoto magotini kwa wimbo hakumshangaza mtu, kwa hiyo hakuna aliyemwekea pembe la bati mbele ya mdomo.

Hebu tuzipande ngazi zenyewe sasa, kwa kadiri zinavyosimuliwa na bibi zetu na zinavyoonekana hata leo kwa aliyepita vijiji vile.

Ngazi ya kwanza ni mgongoni. Mbeleko. Sisi tunaoshika vitambaa kila siku tunaiheshimu sana mbeleko kuliko nguo nyingine yoyote ya mtoto, maana ni nguo inayofanya kazi tatu: inambeba, inamlaza, na inamfundisha mwendo. Mtoto wa nyanda zile alikuwa mgongoni wakati mama anatwanga. Wanawake wawili kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu unapanda wa yule unashuka, na wakikosea mapigo michi inagongana. Mtoto anausikia mdundo huo kwenye mbavu za mama yake kabla hajajua kutembea. Mwalimu wa muziki wa mjini anatumia vijiti viwili vya rangi na dakika kumi kufundisha mapigo ya kupokezana. Mtoto wa Newala aliyajua kabla hajaota meno.

Ngazi ya pili ni magotini na mkekani kwa bibi. Hapa lazima tuseme habari ya maji. Newala iko juu ya nyanda, udongo wake unameza mvua yote, na zamani hapakuwa na maji juu. Wanawake walishuka genge kwenda kuchota bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, safari ya kula nusu siku. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hata baada ya hapo mabomba hayakumaliza shida. Mama akienda maji, mtoto aliyeachishwa ziwa anabaki na nani? Na bibi, na dada wa miaka minane. Tunaamini hiyo ndiyo sababu mojawapo nyimbo za vidole, za kuhesabu, za kumsimamisha mtoto dede, zilikuwa nyingi mikononi mwa bibi na dada kuliko mama. Zilikuwa chombo cha kazi. Mtoto anayelia nusu siku huwezi kumnyamazisha kwa maneno.

Ngazi ya tatu ni uwanjani, mbalamwezi ikitoka. Duara, mikono imeshikana, mmoja katikati. Huo ni mchezo wa Afrika Mashariki nzima, sisi tunaujua kwa ukuti, na kila mahali una maneno yake. Mdako kwa vijiwe, kukimbizana, kujificha, kuigiza wanyama. Mtoto wa kike alivisha gunzi la muhindi kitambaa akalibeba mgongoni kama mwana. Watoto wa kiume walikuwa na marimba yao shambani. Ng'ambo ya Ruvuma marimba za namna hiyo hupigwa na vijana wawili walioketi wakitazamana juu ya magogo yale yale, kila mmoja akijaza mapengo ya mwenzake, na sauti yake husaidia kufukuza ndege na nyani. Kulinda shamba na kucheza vilikuwa kitu kimoja.

Na ngazi ya nne, jando kwa wavulana, unyago kwa wasichana. Huko mlango ulifungwa. Mtoto ambaye hajafika hakuruhusiwa kuona wala kusikia yanayofundwa ndani, na aliyetoka hakuruhusiwa kusimulia. Vinyago vya midimu vilipotokea uwanjani siku ya sherehe watoto walikimbia wakipiga kelele, nusu woga nusu raha, na hapo ndipo mpaka wao ulipoishia.

Shoga zetu, tuutazame vizuri mpaka huu kabla hatujaendelea, kwa sababu ndio uliotufanya tuone habari hii ina uzito. Watu wale hawakuwa na ngoma moja ya wote. Kila umri ulikuwa na ngoma yake, na kila moja ilikuwa na mwenye kuilinda.

Kisha wakaja wakubwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akachagua alichokitaka. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliona kwamba akipiga marufuku jando atawapoteza watu, akalifanya jando la Kikristo, lenye sala na mapadre. Kwa zama zake ilikuwa fikra ya ujasiri na wenzake wengine hawakuipenda. Waislamu wa huko, ambao walikuwa wakiongezeka kwa juhudi za walimu na mashehe wa Kiyao na wa pwani, nao waliingiza dini ndani ya jando kwa namna yao. Wote walishughulikia ngazi ya nne.

Uhuru ulipokuja, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwishoni mwa 1962, na kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata. Ngoma ya Kimakonde iliyochaguliwa ikavuma nchi nzima ni sindimba. Baadhi ya viuno vyake vilipunguzwa ili iwe ya jukwaani, mbele ya wageni wa serikali. Leo mtoto wa shule Mwanza au Chake Chake anaweza kujua jina la sindimba. Muulizeni jina la wimbo mmoja wa Kimakonde wa kumsimamisha mtoto dede. Hakuna kikundi cha taifa kilichoupanda jukwaani, na wala haukufaa jukwaa, kwa kuwa watazamaji wake ni mmoja na ana miezi kumi.

Shule nazo zilichelewa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliweka darasa la awali kuwa sehemu ya shule za msingi kwa watoto wa miaka mitano na sita. Ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Na mtoto akiingia darasani, mara nyingi anakuta dawati, ubao na kurudia a-e-i-o-u, mwalimu mmoja na watoto wengi. Mwalimu mzuri ataimba nao, na wapo wengi wa hivyo.

Wanawake wa Kiislamu wa pwani hawakukaa kimya, na hili mabibi harusi walijue kwa fahari. Miaka ya 1980 Mombasa, wazazi walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanafika shule ya msingi wakiwa nyuma, na hawakutaka wapoteze chuo. Mwalimu Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, akaanzisha malezi ya awali ndani ya madrasa zenyewe: Qur'ani na adabu vikiwepo, pamoja na kucheza, kuimba, kuigiza, na vitu vya kuchezea vinavyotengenezwa kwa vifuu, kokwa, mchanga na vitambaa. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule. Mwaka 1990 mpango huo ukaingia Zanzibar, na 1993 Uganda. Kwa hiyo hata ule mkeka wa mjini unaolipiwa kwa saa, una dada yake mkubwa aliyetangulia kwa miaka thelathini na zaidi, na alivaa buibui.

Tangu hapo wataalamu wamezidi kusema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Desemba 2021 Tanzania Bara ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto hadi miaka minane, ambamo kuchangamsha akili ya mtoto mapema kumewekwa sawa na lishe na afya. Bibi wa Newala angecheka. Dakika 180 angezitimiza kabla ya jua kuwa kali.

Wapo watakaouliza dini inasemaje, na wana haki. Tunayoyajua wengi wetu ni haya: Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere na akicheza nao na wenzake. Siku ya Idi vijana wawili wa kike waliimba na kupiga dufu nyumbani, Sayyidna Abubakar alipowakemea Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema waachwe. Alimbeba mjukuu wake Umama akiwa kwenye sala. Alimtania mtoto Abu Umayr kuhusu kindege chake. Kuhusu ala nyingine za muziki wanazuoni wana kauli zao na kila mmoja amuulize shehe anayemwamini. Kwa mtoto mdogo, mdomo, makofi na dufu vinatosha, na bibi zetu hawakuwa na zaidi ya hapo.

Linalotutia hofu ni jingine. Ngazi za chini zikianguka, mtoto haachi kucheza ngoma. Anapanda ile iliyobaki. Tumeshona nguo za harusi na kitchen party za kutosha kuona watoto wa miaka minne wakisukumwa katikati ya ukumbi wakate viuno kwa wimbo wa wakubwa, watu wazima wanawatuza noti na simu zinarekodi. Vigodoro vya mitaani ni hivyo hivyo, mpaka usiku wa manane. Na huko kusini kwenyewe lipo la namna yake: wasichana wadogo mno huingizwa unyago, wengine wakiwa wa darasa la pili au la tatu, wakafundwa ya ndoa kabla ya wakati, na viongozi wa mikoa ya kusini wamelazimika kuagiza mara kwa mara kwamba shughuli hizo zisikatize masomo. Mama anayesema "acha achezecheze, ni mtoto tu" amesahau kwamba wazee wale aliowarithi unyago walikuwa na mlango, na mtoto alikaa nje yake akiwa na ngoma yake mwenyewe, tena nzuri.

Tusieleweke vibaya kwamba tunamtaka kila mmoja alipie vipindi vya mjini. Anayeweza na alipe, hasa mama anayekaa ghorofani peke yake na mtoto, kwa maana pale hupata na wenzake wa kuzungumza nao. Lakini uulize kabla ya kulipa: wanaimba kwa lugha gani? Ikiwa saa nzima hakuna wimbo mmoja wa Kiswahili, fedha hiyo nunulia sukari umpelekee bibi yako.

Sisi dukani, tangu mfungo uliopita, tumeanza kuweka kitu kidogo ndani ya sanduku la bi harusi, pamoja na khanga na udi. Ni mbeleko ya doti moja iliyokunjwa pindo mara mbili, mwanasesere wa mabaki ya kitenge asiyechorwa uso, na vifuko vitatu vya kutupiana, viwili vya kunde na kimoja cha mchele, ili mtoto asikie sauti tofauti. Shoneni kwa mshono wa kurudi, safu mbili, mtoto atang'ata. Vifuko visiwe vikubwa kuliko kiganja cha mama, na mtoto chini ya miaka mitatu asiachwe navyo peke yake.

Na tunamwomba kila bi harusi mwenye nyanya au bibi wa Masasi, Newala, Tandahimba au Mahuta, siku ya kupima gauni aje naye. Kiti kipo, chai ipo. Tunamwomba wimbo mmoja tu wa mtoto wa mgongoni, kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na akiridhia tunaurekodi kwa simu na kumpa mjukuu wake nakala. Mpaka sasa tuna kumi na moja. Wa Kimakua ndio hatujapata hata mmoja.